Muziki wa Bure Una Mwenyewe

Kwetu Pemba kuna neno moja linaloinua nyumba nzima kwa mkupuo, aliyelala na aliyeko jikoni: Anua! Karafuu ziko uani juu ya majamvi, jua la siku ya pili, wingu limejitokeza upande wa bahari, na aliyeliona mwanzo ndiye anayepiga ukelele. Hapo hakuna mkubwa wala mdogo. Mmoja anakunja jamvi, mwengine anashika gunia, watoto wanazoa kwa viganja zilizomwagika. Karafuu iliyokwisha kushika jua ikirowa inaharibika rangi, na ikifika kwenye mizani haihesabiwi tena kama ile uliyoichuma.

Neno hilo nimelitengenezea gemu. Inaitwa Anua. Mchezaji ana ua, majamvi sita, bibi anayechambua karafuu barazani, na mbingu ya kuitazama. Unaanika, unageuza, unapima wingu: linakuja au linapita? Ukianua mapema karafuu hazikauki, ukichelewa zimerowa. Nimeifanya peke yangu usiku baada ya kazi, nyumbani Jang'ombe, kwa mwaka mmoja na nusu. Nilitumia Godot, programu ya kutengenezea gemu isiyolipiwa na ambayo leseni yake haimdai hata senti anayeuza alichokitengeneza. Picha nilichora mwenyewe. Muziki sikuwa nao, na pesa za kumlipa mtunzi sikuwa nazo.

Tangu niwaonyeshe wenzangu gemu hii, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: muziki wa bure unapatikana wapi? Nitalijibu, maana jibu lake ni jepesi. Kilichonisumbua mimi ni lile neno bure.

Jibu jepesi ni hili. Kuna OpenGameArt, iliyoanza mwaka 2009, ghala la picha, sauti na nyimbo zilizowekwa na watu kwa ajili ya gemu hasa. Kuna Freesound ya Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra kule Barcelona, tangu 2005. Hiyo si ya nyimbo, ni ya sauti: mlango, mvua, nyayo, jogoo. Kuna Free Music Archive. Kuna Incompetech ya Kevin MacLeod, Mmarekani aliyetoa vipande zaidi ya elfu mbili ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitumia akimtaja jina. Ukiwa na intaneti ya usiku mmoja utajaza simu.

Sasa lile neno. Sisi tunasema "nimepewa bure", yaani sikulipa. Tunasema pia "nimehangaika bure", yaani sikupata kitu, na "amenipiga bure", yaani bila ya sababu. Nyimbo hizi za mtandaoni si bure kwa maana yoyote kati ya hizo. Kilichotolewa pale ni ruhusa. Mwenye kitu amekaa akaandika: nakuruhusu hivi, hivi sikuruhusu. Usipoisoma karatasi yake umechukua kitu cha mtu, hata kama hakuna aliyekudai senti.

Ruhusa zinazotumika zaidi ni zile za Creative Commons, zilizotolewa mara ya kwanza Disemba 2002, na zinaandikwa kwa herufi ambazo mwanzo nilikuwa nazipita tu. BY maana yake umtaje aliyetengeneza. Na kumtaja si kuandika jina peke yake: jina la kipande, jina la mtu, ulikotoa, leseni yenyewe, na kama umekibadilisha useme umekibadilisha. NC inakataza biashara. Mimi nilikusudia kuiuza Anua kwa bei ya chini, kwa hiyo kila chenye NC nilikiacha, na viko vingi vizuri ambavyo niliviacha kwa uchungu. ND inakataza kubadilisha. Hii ndiyo inayowakamata watu wengi, kwa sababu unajiambia: mimi sibadilishi, nauweka wimbo vile vile chini ya picha. Toleo la 4.0 la leseni hizo linasema wazi kuwa kuuoanisha muziki na picha zinazotembea ni kuubadilisha. Basi ND haikufai kwa gemu wala kwa video ya kuitangaza. SA inataka kilichozaliwa na wimbo ule kitoke kwa ruhusa ile ile, na sikutaka kuiingiza gemu nzima katika swali hilo. Zikabaki BY, na CC0 ambayo mwenyewe ameachia kila kitu.

Halafu kuna maneno mengine yanayofanana na bure na si bure: muziki "usio na mrabaha". Huo unaununua mara moja, halafu hudaiwi tena kila unapochezwa. Wengi wanauona uko kwenye orodha ya bure wakadhani ndio huo huo.

Nilidhani nimeshaelewa. Nikapata kipande cha CC0, gitaa na kitu kama marimba, laini, chenye jua ndani yake. Nikakiweka, nikatengeneza video fupi ya kuitangaza gemu, nikaipandisha. Baada ya siku mbili video imezuiwa: kuna msanii wa nchi nyengine, kipande ni chake, kiko kwenye albamu yake, na hajawahi kumpa mtu ruhusa. Aliyekiweka pale kama CC0 alikuwa amekichukua tu. Nilimwandikia yule msanii kumwomba radhi, nikaondoa video, nikatoa kipande. Hakunidai. Lakini nilikaa siku kadhaa najisikia kama niliyekutwa na nguo ya mtu mwilini, ingawa niliinunua sokoni kwa nia safi.

Tangu hapo sichukui kitu kabla ya kumtazama aliyekiweka. Nasikiliza kazi zake nyengine: zina mkono mmoja, au kila moja inatoka dunia yake? Anajibu watu wakimuuliza alivyotengeneza? Ameweka na vipande vya ndani, ala moja moja, vitu ambavyo mwizi hana? Na siku ninayochukua napiga picha ya ukurasa unaoonyesha leseni, na tarehe ionekane, naiweka katika folda moja na wimbo. Ukurasa unaweza kufutwa kesho.

Kulikuwa na kishawishi chengine, cha nyumbani. Mtandaoni zimejaa santuri za taarabu ya zamani, zile za mlio wa mikwaruzo. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, akafariki 1950. Mtu ananiambia: chukua, wa kale hao, nani atakudai? Lakini ndani ya santuri moja mna haki ya aliyetunga, haki ya walioimba na kupiga, na haki ya aliyerekodi, na kila moja ina muda wake na nchi zake. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki tangu 2003, na COSOZA ndio wanaoshughulika na mirabaha ya wasanii wa Visiwani. Bara wana sheria yao na COSOTA yao. Mtu amekufa, warithi wapo. Sikuigusa.

Nikaamua kutunga mwenyewe.

Programu si tatizo: LMMS ya kutungia muziki hailipiwi, Audacity ya kukatia sauti hailipiwi. Tatizo lilikuwa ala. Programu nyingi za bure za muziki zinafuata orodha iitwayo General MIDI, ya mwaka 1991, yenye ala 128. Imo sitar ya Wahindi, zimo koto na shamisen za Wajapani, imo hata kalimba. Haina udi. Haina kanuni, hizo ala mbili za nyuzi za taarabu. Kwa kanuni nilichukua ya 16, dulcimer, ambayo nayo ni ya nyuzi, ingawa zake hugongwa na za kanuni hudonolewa, na kwa zumari nikachukua ya 112, shanai, ndugu yake wa India. Zilikaribia, lakini nilipojaribu kupiga kitu chenye harufu ya taarabu, sauti zilikataa kukaa mahala pake.

Rafiki yangu aliyesoma kanuni pale Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kile kilichoanza 2002 katika jumba la zamani la forodha, ndiye aliyenionyesha. Alinikalisha mbele ya kanuni yake, nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, akanigusisha vile vijichuma vya pembeni vinavyoinuliwa na kulazwa. "Maqamu ya Rast, ile ngazi ya sauti," akasema, "sauti ya tatu na ya saba haziko kwenye kinanda chako. Ziko katikati ya kitufe na kitufe." Akapiga. Nikaisikia ile ya tatu, ambayo nimeisikia maisha yangu yote kwenye redio ya bibi bila ya kujua kuwa ina mahala pake pa peke yake.

Nikarudi nyumbani nikaitafuta kwa hesabu. Kwenye MIDI, ile lugha ya kuiandikia kompyuta noti, kuna namba ya kuvutia sauti juu na chini, inaanzia 0 mpaka 16,383, na katikati ni 8,192. Kwa kawaida ukiishusha mpaka mwisho sauti inateremka hatua mbili za kinanda. Robo ya njia hiyo ni nusu ya hatua moja, ndiko zinakokaa sauti zile mbili za Rast. Basi kila ilipokuja E, ile ya tatu, na kila ilipokuja B, ile ya saba, niliandika 6,144. Kazi ya kuchosha, noti kwa noti. Usiku ule saa saba nilipoisikiliza mara ya kwanza ikiwa imekaa, nilisimama.

Kipande hicho kimo katika Anua mpaka leo, kwenye ukurasa wa mwanzo. Lakini uani hakikufaa. Nilimwekea mdogo wangu, akacheza dakika kumi, nikamuuliza muziki vipi. "Mzuri. Lakini hauna haraka." Maneno yake yalikuwa ya kweli. Anua inataka muziki unaotulia jua likiwaka na unaokaza wingu linapokuja, bila ya kukatika katikati.

Ngoma ninayoijua yenye tabia hiyo ni kidumbaki. Aliyewahi kukaa kwenye harusi ya Ng'ambo, hapa mjini Unguja, anajua: vingoma viwili vidogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti viwili, fidla, na sanduku kwa chini, wimbo unaunganishwa na wimbo bila ya kupumzika, na mwendo unapanda wenyewe mpaka hakuna aliyebaki kitini. Kidumbaki kinajengwa kwa tabaka. Unaweza kuondoa fidla, kikabaki kidumbaki. Unaweza kubakisha mkwasa peke yake na watu wakajua kinachokuja.

Na mimi nina ami yangu anayepiga sanduku.

Kwa asiyelijua: ni sanduku la mbao, lile la kusafirishia majani ya chai, limepinduliwa, lina kijiti na uzi mmoja. Mpigaji anaukaza uzi kwa kukivuta kijiti na kuulegeza kwa kukilaza, na mkono wa pili unapiga. Halina alama wala mahala pa kushika. Sauti zote ziko kwenye mkono wa mtu.

Nilikwenda baada ya alasiri. Shikamoo ami, marahaba mwanangu, wataka nini na hiyo kompyuta. Nikamwonyesha gemu, nikamwekea kipande cha majaribio nilichokitengeneza kwa ngoma za mashine. Alisikiliza kichwa kimeinama. Kilipokwisha kikarudi mwanzo, akainua uso.

"Hiki kikisha kinarudi?"

"Kinarudi, ami."

"Mara ngapi?"

"Mpaka mchezaji achoke."

Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema: "Mie harusini nawapigia watu wale, usiku ule. Napewa changu, naondoka. Weye waniambia nitapiga mara moja, halafu utanipigisha mpaka nife, na nikishakufa utanipigisha vile vile. Basi nieleze vizuri."

Kila nilichokisoma juu ya leseni kwa mwaka mzima kilikuwa kimo katika maneno yale, naye hajawahi kuona ukurasa hata mmoja. Mdundo wa kidumbaki hauna mtunzi mmoja unayeweza kumpigia simu. Ni wetu sote. Rekodi ya mkono wa ami yangu ina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu.

Nilimweleza nia yangu yote. Nilitaka nikimaliza gemu niziweke rekodi mtandaoni kwa CC BY, ili kijana wa Mombasa au wa Lamu anayetafuta sanduku asilikose kama nilivyolikosa mimi. Aliipenda. Akauliza nani ataruhusiwa kuzitumia. Mtu yeyote, nikasema, mradi ataje majina yenu.

"Na tangazo la pombe?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Ukweli ni kwamba CC BY haimzuii. Huwezi kuitoa halafu ukaongeza mstari wako chini, isipokuwa pombe, isipokuwa siasa. Ukiongeza si leseni ile tena. Nikamwambia.

"Na nikibadili mawazo?"

"Unaweza kuacha kuitoa, ami. Lakini aliyekwisha kuichukua huwezi kumnyang'anya."

"Basi sitoi," akasema, bila ya ukali. "Kwenye gemu yako piga. Nyimbo zetu zisitoke nje ya hapo." Halafu, nilipokuwa nafunga kompyuta, akaniita: "Lakini mkwasa ni mkwasa. Pigo moja la mkwasa, pigo moja la sanduku, hilo wape. Pigo moja hujui ni la nani."

Tukaandika karatasi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Rekodi zitumike katika Anua na katika video za kuitangaza. Majina ya wanne waliopiga yaonekane, na na la ami liwe lile analojulikana nalo harusini. Wimbo mzima usipewe mtu mwengine bila ya kuulizwa wao. Mapigo moja moja yatolewe kwa wote. Na walipwe kama wanavyolipwa usiku wa harusi, maana ami alisema kupiga ni kupiga. Nilizichukua pesa nilizoziweka za kununulia betri ya kompyuta, ndiyo maana mpaka leo haifanyi kazi ila ikiwa ukutani. Muziki wangu wa bure ulinigharimu hicho, nami naona nilipata kwa bei nzuri.

Kurekodi kulikuwa usiku, kwa sababu mchana kunguru hawamwachii mtu nafasi. Tulikaa katika chumba cha stoo cha mjomba mmoja wa ami, magunia ya mchele kuta tatu, ambayo yanameza mwangwi kuliko kitu chochote nilichowahi kukijaribu. Maiki ilikuwa simu yangu. Kama na wewe utatumia simu, izime mtandao, tafuta programu inayorekodi WAV, yaani sauti isiyobanwa, na uhakikishe imezimwa ile kazi ya kusawazisha sauti yenyewe. Simu inafikiria unaongea. Ngoma ikipigwa kwa nguvu inaishusha, ikinyamaza inaipandisha, na unabaki na muziki unaopumua kama mwenye pumu.

Kazi ngumu ilikuwa kuwatenganisha. Mimi nilihitaji kila ala peke yake, ili gemu izichanganye yenyewe. Wao hawajawahi kupiga mmoja mmoja. Mpiga fidla alijaribu akaacha katikati, akasema hana wa kumjibu. Basi wakapiga kwanza pamoja, tukairekodi. Halafu kila mmoja akasikiliza rekodi ile kwa hedifoni ya sikio moja huku akipiga sehemu yake, wengine wametulia. Ikawa nzuri, ila nilipozipanga kwenye kompyuta zilikuwa haziendani, kwa sababu kidumbaki hakikai mwendo mmoja. Kinapanda. Nilijaribu kuwawekea mlio wa saa wa kompyuta, ami akavua hedifoni.

Mpiga mkwasa ndiye aliyetuokoa. Alikaa kimya muda wote ule, akasema: niacheni mie nipige mwanzo, peke yangu, nisimsikilize mtu, halafu nyote mnifuate mie. Akapiga dakika sita kwenye ubavu wa ngoma na vile vijiti vyake viwili, bila ya kupanda wala kushuka. Wote wakamfuata. Nilipopima nyumbani, mwanzo na mwisho havikupishana kiasi cha kusikika.

Gemuni zimepangwa hivi: mkwasa na cherewa zinasikika muda wote jua likiwa wazi. Wingu likijitokeza, sanduku na kingoma cha kwanza vinapanda polepole. Likifika juu ya ua, kingoma cha pili na fidla. Kwa kweli ala zote zinapiga tangu mwanzo, kwa pamoja, ila nyengine zimefungwa sauti. Ndiyo maana hakuna mshono. Godot 4.3, iliyotoka Agosti 2024, ina njia yake ya kuzifunga rekodi kadhaa zitembee sawa, na ilinipunguzia usumbufu mwingi.

Kuhusu kuzungusha kipande kisikwame: nilihangaika wiki nzima na mlio mdogo, tk, kila kilipoanza upya. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni MP3, ambayo kwa maumbile yake inaongeza ukimya mdogo mwanzoni. Nikahamia Ogg Vorbis. WAV ingekuwa safi lakini dakika moja ya stereo inakaribia megabaiti 10, na Ogg ya kawaida inakaa katika moja hivi. Watu wetu wanapakua kwa bando. Sababu ya pili ni mkia wa sauti: pigo la mwisho bado linalia, nawe umelikata. Dawa yake ni kukitoa kipande mara mbili mfululizo, halafu ukakata ule mzunguko wa pili peke yake. Mwanzo wake unakuwa umeshabeba mkia wa ule wa kwanza, na sikio halipati pa kushika.

Halafu nikaiweka kwenye simu, na sanduku likapotea. Limepotea kabisa! Kwenye kompyuta lilikuwa linatikisa meza, kwenye simu hakuna kitu. Spika ya simu haitoi sauti za chini, na sanduku linaishi chini. Nisingeweza kumwonyesha ami gemu ambayo yeye hayumo. Nilichofanya ni kuichukua nakala ya rekodi yake, nikaikwaruza kidogo kwa makusudi ili itoe zile sauti ndogo za juu zinazofuatana na sauti kubwa, nikaichanganya kwa chini. Sikio likizisikia hizo za juu linaijaza lenyewe ile ya chini isiyokuwapo. Sasa linasikika, si lote, lakini unajua kuwa yupo.

Sauti za karafuu nilizifuata Pemba msimu ulipofika, kijijini kwetu nje ya Wete. Nilirekodi karafuu kavu zikimiminwa guniani, ambazo zinalia kama mvua ndogo juu ya makuti, na karafuu mbichi zikichambuliwa. Hiyo ya pili iko karibu sana na maiki: kidole gumba kinasukuma, kikonyo kinakatika, karafuu zinaanguka pakachani, tena, tena. Bibi anafanya hivyo bila ya kutazama mikono. Nilimuuliza kama naweza kuwapa watu sauti hizo. Akasema sauti ya karafuu ni ya karafuu. Nimeziweka CC0, na ukizihitaji ni zako, hata jina langu usitaje. Katika rekodi moja bibi anaimba huku anachambua. Hiyo ninayo mimi, sijaiweka popote, kwa sababu alinipa karafuu tu.

Gemu ilipokamilika nilimpelekea ami. Alikaa na simu karibu saa nzima, anaanika na kuanua, kila sanduku lilipoingia anatikisa kichwa. Akashindwa duru ya tano. Mvua ikapiga majamvi yote, ua likabaki na weusi, na kidumbaki kikaendelea kwa shangwe ile ile na fidla juu yake.

Akainua uso. "Karafuu za watu zimerowa, weye wanichezesha ngoma?"

Nikamwambia sikuwa na kitu chengine cha kuweka pale.

Aliniagiza nirudi Jumapili na simu. Niliporudi sanduku lilikuwa tayari uani, peke yake, bila ya wenziwe. Alikilaza kijiti mpaka uzi ukalegea kuliko nilivyowahi kuusikia, akapiga sauti tano, moja moja, na baada ya ya tano akauwekea kiganja uzi unyamaze. Mara moja tu. Hakutaka kurudia. Halafu akaniuliza ile karatasi yetu iko wapi, akaichukua, akavaa miwani, na chini ya mstari wa mwisho akaongeza kwa mkono wake: "Na sauti tano za mvua."